Hisabu ya Vitu Vinavyoachana

Mtu aliyezoea bahari anajua, hata kama hajapata kukaa mbele ya mwalimu wa fizikia, kwamba anaporuka kutoka mtumbwini kwenda gatini, mtumbwi nao huondoka kwa upande wa pili, na kwamba mtumbwi mwepesi huenda mbali ilhali jahazi lililosheheni halisogei kiasi cha kuonekana kwa macho. Jambo hilo, ambalo kwa udogo wake watu hulipita bila ya kuliuliza sababu, ndilo hilo hilo lililomo katika mzinga urudio nyuma utoapo risasi yake, katika setilaiti iachanapo na roketi iliyoibeba, na katika kiini cha atomi ya urani kitupapo nje sehemu yake ndogo baada ya kukaa nayo mamilioni kwa mamilioni ya miaka. Na ajabu yake ni kuwa hisabu ya mambo yote hayo ni moja, nayo ni nyepesi kiasi cha kufanywa na kila ajuaye kuzidisha na kutoa.

Msingi wake ni kipimo ambacho wanafizikia hukiita momenta. Kipimo hicho hupatikana kwa kuzidisha tungamo la kitu, yaani wingi wa maada iliyomo ndani yake tuupimao kwa kilogramu, kwa mwendo wake, yaani mita ngapi kitu hicho huenda kwa kila sekunde. Ila mwendo huu sharti utajwe pamoja na upande uelekeao, kwa kuwa kitu kiendacho mashariki na kitu kiendacho magharibi, hata vikiwa na uzito sawa na kasi sawa, haviwi na momenta moja. Kanuni yenyewe husema kwamba maadamu hapana nguvu ya nje inayoviingilia, jumla ya momenta ya vitu vilivyo pamoja haiongezeki wala haipungui, vikae pamoja au viachane, vigongane au vipasuke vipande mia.

Jambo hili la upande, ambalo leo mwanafunzi hupewa mwanzo kabisa wa somo, liliwataabisha wakubwa wa elimu. Mfaransa René Descartes aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1644 kwamba kiasi cha mwendo ulimwenguni hakibadiliki, na katika hilo aliukaribia ukweli. Lakini alihesabu ukubwa wa kitu na kasi yake tu, akauacha upande, na kwa sababu hiyo kanuni zake nyingi za migongano zilikuja kinyume cha yale yaonekanayo duniani. Mwaka 1668 Royal Society ya London iliwaomba John Wallis, Christopher Wren na Mholanzi Christiaan Huygens watoe maelezo yao juu ya migongano, na majibu yao ndiyo yaliyoirudisha hisabu katika njia yake; kisha Isaac Newton, katika kitabu chake cha mwaka 1687, akaitia kanuni hiyo ndani ya jengo zima la elimu ya mwendo, akaionyesha kuwa ni tawi la sheria zake mwenyewe.

Sheria inayohusika zaidi ni ile ya tatu, isemayo kwamba kitu hakiwezi kukisukuma kingine pasipo chenyewe kusukumwa kwa nguvu iliyo sawasawa na kwa upande wa kinyume. Nguvu hizo mbili huanza pamoja na hukoma pamoja, na nguvu iliyo sawa ikitenda kwa muda ulio sawa huleta badiliko la momenta lililo sawa; basi alichopata mmoja kwa upande wa mbele ndicho alichopata mwenzake kwa upande wa nyuma, na ukivijumlisha vyote viwili hupati kitu. Naona hapa ndipo ulipo ukarimu mkubwa wa kanuni hii, nao ni kuwa haitudai kisa cha kuachana. Namna baruti ilivyoungua, namna misuli ya mguu ilivyokaza, kama nguvu ilikuwa kali mwanzo ikalegea mwisho au ilikuwa kinyume cha hayo, yote hayo tunaruhusiwa kuyaacha, na bado tukajua uwiano wa mwendo wa vitu vile viwili baada ya kuachana, jambo ambalo asingeliweza kulipata hata mhandisi hodari lau angelazimishwa kuifuata nguvu ile nukta kwa nukta.

Kwa kuwa haidai kisa, hudai mambo mengine, na wanafunzi wengi hushindwa hapo hapo kwa sababu tumewazoesha kukimbilia fomula kabla ya kutazama. La kwanza ni kuamua vitu gani vimo ndani ya hisabu na vipi viko nje. Mzinga na risasi yake, vikichukuliwa pamoja, vina hisabu iliyofungika. Mzinga peke yake hauna, kwa kuwa risasi inausukuma. Na mzinga uliofungwa kwa kamba nene kwenye ubavu wa merikebu, kama ilivyokuwa desturi ya manowari za zamani, hauna hisabu iliyofungika tangu kamba ile ikazapo, illa tuitie na merikebu ndani, na baadaye maji yaizungukayo pia. Mtu asiyeamua jambo hili kwa makusudi anaweza kuandika mlinganyo ulio sahihi kwa herufi zake na usio na maana yoyote kwa vitu vyenyewe. Hapa ndipo fizikia ilipo. Kinachobaki ni hesabu.

Pale ambapo nguvu ya nje haiwezi kuondolewa kabisa, kama vile uzito au msuguano wa maji, tunapata rukhsa kwa sababu ya ufupi wa wakati: baruti humaliza kazi yake kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, na katika muda huo mfupi msuguano wa ardhi haujapata nafasi ya kubadili momenta kwa kiasi cha kuhesabiwa. Kwa hiyo kanuni hutumika baina ya nukta iliyotangulia kuachana na nukta iliyofuata mara moja, wala si baina ya asubuhi na jioni.

Kisha huja upande, na huu huandikwa kwa alama ya kujumlisha na ya kutoa. Mwenye duka huandika katika daftari lake fedha iliyoingia na fedha iliyotoka, na jumla ya siku inaweza kuwa sifuri ingawa maelfu ya shilingi yamepita mikononi mwake. Kadhalika vitu viwili vilivyokuwa vimetulia kabla ya kuachana vina jumla ya sifuri, na baada ya kuachana, hata vikienda kwa kasi ya kutisha, jumla yao ni sifuri ile ile, kwa kuwa kimoja kimeandikwa kwa kujumlisha na kingine kwa kutoa.

Tuurudie mtumbwi, tukiupa tungamo la kilogramu 90, na mrukaji tumpe kilogramu 60, na wote wawili wametulia juu ya maji yaliyotulia. Ikiwa mrukaji ameondoka kwa mwendo wa mita 3 kwa sekunde, ukipimwa na mtu aliyesimama gatini, basi momenta yake ni 60 mara 3, yaani 180, na mtumbwi hauna budi kuwa na 180 kwa upande wa kinyume; ukigawa kwa 90 unapata mita 2 kwa sekunde. Lakini swali hilo hilo linaweza kuulizwa kwa maneno yanayofanana sana na haya na jibu likawa jingine. Likisema kwamba mrukaji ameuacha mtumbwi kwa mwendo wa mita 3 kwa sekunde kwa kipimo cha mtumbwi wenyewe, basi zile mita 3 si mwendo wake yeye peke yake, bali ni jumla ya mwendo wake wa mbele na mwendo wa mtumbwi wa nyuma. Hapo tunatafuta namba mbili ambazo jumla yake ni 3, na ambazo ya kwanza ikizidishwa kwa 60 hulingana na ya pili ikizidishwa kwa 90. Nazo ni 1.8 na 1.2, kwani zote mbili huleta 108. Aliyejibu 3 na 2 katika swali hili la pili hakukosea kuzidisha wala kugawa, bali hakuuliza mwendo umepimwa na nani, amesimama wapi. Nami nasadiki kuwa swali hilo likiulizwa mapema na kwa sauti katika kila darasa, sehemu kubwa ya hofu ya somo hili ingeondoka.

Mfano huo waonyesha pia kwamba kanuni ya momenta, kwa peke yake, hutoa uwiano tu: mwepesi atakwenda mbio kuliko mzito, kwa kadiri uzito wao unavyotofautiana. Ili tupate namba kamili sharti tupewe habari moja zaidi, ama kasi ya mmoja wao, ama kasi ya kuachana kwao, ama nishati iliyotumika kuwaachanisha.

Nishati ndiyo inayodanganya watu zaidi. Ngome ya Mombasa, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, ina mizinga ya kale ambayo mgeni yeyote anaweza kuigusa, na auonapo uzito wake huelewa kwa nini watu waliokuwa nyuma yake hawakuuawa na kurudi kwake. Tuchukue, kwa wepesi wa hisabu, mzinga wa kilogramu 1,000 na risasi ya chuma ya kilogramu 5 itokayo kwa mita 400 kwa sekunde. Momenta ya risasi ni 2,000, na ya mzinga ni 2,000 kwa upande wa nyuma, kwa hiyo mzinga hurudi kwa mita 2 kwa sekunde. Wamegawana momenta sawa kwa sawa. Ama nishati ya mwendo, ambayo ni nusu ya tungamo likizidishwa kwa mwendo, kisha kwa mwendo huo huo tena, risasi imechukua jouli 400,000 na mzinga umepata jouli 2,000 tu, yaani sehemu moja kwa mia mbili, sawa kabisa na uwiano wa uzito wao uliogeuzwa. Msukumo ni mmoja na muda ni mmoja, lakini risasi nyepesi imesafiri masafa marefu ndani ya mtutu wakati inasukumwa, ilhali mzinga umejisogeza kidogo tu, na nguvu itendayo kwa masafa marefu ndiyo itoayo nishati nyingi.

Kutoka ngomeni hapo hadi Ngomeni ya kaskazini ya Malindi si safari ndefu kwa mtu wa pwani. Huko, juu ya majukwaa ya chuma yaliyosimamishwa baharini na Wataliano katika mradi wa San Marco ulioongozwa na Luigi Broglio, roketi za Scout zilirushwa kwa miaka mingi, na mojawapo, tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, ilibeba setilaiti ya shirika la anga la Marekani iliyopewa jina la Uhuru kwa ajili ya siku hiyo. Hiyo ndiyo setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa kwa ajili ya elimu ya eksirei za mbinguni peke yake, na ilitazama anga hadi mwaka 1973, ikaacha orodha ya asili 339 za miale hiyo.

Roketi ya Scout ilikuwa ya vipande vinne vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, kila kimoja kikiungua na kutupwa, na mwendo wake wote, toka kuondoka jukwaani, ulikuwa ni kuachana kusikokatika: gesi huondoka nyuma, chombo huondoka mbele. Watu wengi walidhani zamani kuwa gesi hiyo husukuma hewa, na hewa ndiyo inayoisukuma roketi. Hata gazeti la New York Times, katika tahariri ya Januari 1920, lilimkejeli Robert Goddard kwa kuamini kwamba roketi inaweza kwenda pasipo na hewa, na halikuyasahihisha maneno yake hadi tarehe 17 Julai 1969, wakati watu watatu walipokuwa njiani kuelekea mwezini. Aliyeielewa hisabu ya mtumbwi na mrukaji hana haja ya hewa. Gesi na roketi vinatosheleza hisabu vyenyewe kwa vyenyewe, na kitu pekee kinacholeta ugumu ni kwamba tungamo la roketi hupungua kila nukta, jambo ambalo Mrusi Konstantin Tsiolkovsky alilitolea fomula yake katika maandiko ya mwaka 1903.

Tendo la mwisho, la setilaiti kuachana na kipande cha mwisho kilichokwisha kuungua, ni swali zuri kuliko yote, kwa sababu vitu vyenyewe havikutulia. Uhuru ilikuwa na kilogramu 140 hivi. Kipande kitupu nakipa kilogramu 35, na mwendo wa pamoja mita 7,500 kwa sekunde, nikizichagua namba hizo ili mkono upate kuandika upesi, wala si kwa kunakili vitabu vya wahandisi. Tuseme kamani iliyobanwa baina yao imeachiwa, nayo ikavitenga kwa mwendo wa mita 1 kwa sekunde, kimoja kikitazamwa kutoka kwa kingine. Anayetaka kuanza na zile 7,500 na aanze, na atafika. Lakini mwenye busara hujiweka, kwa fikira, katika hali ya kusafiri sambamba na vitu hivyo kwa mwendo wao wa pamoja, na machoni pake vyote viwili vimetulia kama mtumbwi na mrukaji. Jumla ni sifuri. Mzito ni mara nne ya mwepesi. Basi mita ile moja hugawanywa 0.2 kwa setilaiti kwenda mbele na 0.8 kwa kipande kurudi nyuma. Sasa rudisha mwendo wa pamoja: setilaiti inakwenda 7,500.2 na kipande kinakwenda 7,499.2. Mwenye shaka na azidishe, atakuta 1,050,028 na 262,472, ambazo jumla yake ni 1,312,500, sawasawa na 175 mara 7,500 zilizokuwapo kabla. Na aone pia kuwa kile kipande kilichorudi nyuma hakikurudi nyuma hata kidogo machoni pa mtu aliye ardhini. Kimepunguza tu kasi yake, nacho bado kinakimbia mbele.

Nishati katika swali hili hupendeza mno. Kwa msafiri wetu wa fikira, setilaiti imepata jouli 2.8 na kipande jouli 11.2, jumla 14, ambazo ndizo zilizokuwa zimefungwa katika kamani. Kwa mtu wa ardhini setilaiti imeongezewa jouli 210,002.8, na anaweza kustaajabu kamani ndogo imezipata wapi; lakini akitazama upande wa pili ataona kipande kimepoteza jouli 209,988.8, na tofauti yao ni 14 zile zile.

Kilichofanyika huko angani hufanyika pia ndani ya jiwe. Atomi ya urani yenye namba ya tungamo 238 hutoa chembe ya alfa yenye namba 4, na inayobaki ni thori yenye 234. Nishati yote ya kuachana kwao inajulikana, tungamo la kila mmoja linajulikana, na kiini kilikuwa kimetulia. Basi hapana nafasi ya hiari. Alfa, kwa wepesi wake, huchukua sehemu 234 katika kila 238 za nishati, ikaondoka kwa takriban kilomita 14,000 kwa sekunde, na thori hurudi kwa kasi iliyo ndogo zaidi ya mara hamsini na nane. Kila kiini cha urani cha namna hiyo, wakati wowote na mahali popote, kinapoachana na alfa kwa njia hii, hutoa alfa yenye nishati ile ile.

Kwa sababu hiyo wataalamu waliingia katika dhiki kubwa walipoitazama miale ya beta, ambayo ndani yake kiini hutoa elektroni. Lau kiini kingegawanyika sehemu mbili tu, elektroni nazo zingekuwa na nishati moja kama alfa; lakini James Chadwick alionyesha mwaka 1914 kwamba elektroni hizo hutoka na nishati za kila kiwango, kidogo hadi kikubwa, bila ya mpaka baina yake, na mwaka 1927 Charles Ellis na William Wooster walipima joto la maada hiyo wakathibitisha kuwa upungufu wa nishati katika elektroni hizo ulikuwa wa kweli. Niels Bohr, ambaye hapana aliyemtilia shaka katika elimu, alikuwa tayari kukubali kwamba pengine kanuni ya nishati haisimami ndani ya kiini ila kwa wastani. Wolfgang Pauli alikataa. Katika barua aliyoiandika Zürich tarehe 4 Desemba 1930 alishauri kwamba kuna kitu cha tatu kinachoondoka pamoja na elektroni, kisicho na chaji ya umeme na chenye tungamo dogo mno, ambacho Enrico Fermi baadaye alikieneza kwa jina la nyutrino.

Vitu vikiwa vitatu hisabu hubadilika sura. Havilazimiki tena kwenda kinyume katika mstari mmoja, ingawa, kama vilianza kwa utulivu, vyote vitatu hubaki katika bapa moja. Na mgao wa nishati hauamuliwi tena na uzito peke yake, bali unaweza kuwa huu safari hii na mwingine safari nyingine, ndiyo maana elektroni zikatoka kwa viwango vyote. Majaribio ya miaka ya 1930 yaliyopima kurudi nyuma kwa kiini yaliunga mkono fikira hiyo, kwani momenta ya kiini na ya elektroni hazikulingana na kufutana, na kilichobaki kilidai mwenyewe. Mwenyewe huyo alipatikana mwaka 1956, pale Clyde Cowan na Frederick Reines walipokaa karibu na tanuri la nyuklia la Savannah River, Marekani, wakaziona athari za chembe za jamii hiyo zikigonga maada, na mwezi wa Juni wakampelekea Pauli telegramu ya kumwarifu, miaka ishirini na mitano na nusu tangu siku ya barua yake.